Mazungumzo ya Afya: Chakula cha Njiani ni Sehemu ya Mzigo



Kila siku, kabla jua halijachomoza, njia za vumbi ziingiazo Tenke na Fungurume zina wanaume wenye baiskeli, au kinga kama tunavyosema kwetu. Wengi wao hawapandi. Husukuma, maana magunia ya makala yamefungwa hata nafasi ya kukaa haipo. Wengine huleta mahindi, wengine mihogo mikavu. Mjini watu hutazama mzigo, hupatana bei, hulipa, na kwenda zao. Ni wachache wanaomwuliza mwenye mzigo: “Ndugu, tangu jana jioni umekula nini? Nayo maji, umekunywa wapi?”

Ukimwuliza, mara nyingi atakujibu hivi: “Nitakula nikisha kuuza.” Maneno hayo yana sura ya busara. Mtu ataka kurudi nyumbani na fedha nzima, alipe karo ya watoto, anunue sabuni na chumvi. Nani atamlaumu? Walakini juma hili twataka kuonyesha kwamba fedha iokolewayo kwa njia hiyo hutozwa mwilini, tena kwa riba kubwa.

Jambo hili lazidi kutuhusu mwaka hata mwaka. Tangu mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume uanze kutoa shaba mwaka 2009, watu wameongezeka katika miji yetu, na nyumba nyingi zataka makala ya kupikia. Kadiri miti ya miombo iliyo karibu inavyokatwa, matanuru ya makala nayo yasogea mbali mwituni, na safari za baiskeli zaongezeka urefu. Wako pia wanafunzi wanaokwenda shule kwa baiskeli bila kutia kitu kinywani, na vijana wapandao hadi Kolwezi kutazama jamaa zao, mwendo wa zaidi ya kilomita 70 hata kama ungekwenda moja kwa moja kama ndege. Wote hao wasikilize.

MWILI NA GARI MOSHI

Sisi watu wa Tenke tu watu wa reli. Hapa ndipo njia itokayo bandari ya Lobito ilipoungana na reli ya Katanga mwaka 1931. Wazee waliozijua injini za mvuke wakumbuka jinsi zilivyokula kuni au makaa na kunywa maji. Dereva wa injini hakungoja birika likauke ndipo atafute maji. Alijaza kituoni hata kama maji yalikuwamo bado, kwa sababu alijua umbali wa kituo kilichofuata.

Mwili wa mwendesha baiskeli ni injini ya namna hiyo. Katika nguvu zote anazozipata kwa chakula, karibu sehemu moja tu kati ya nne husukuma pedali. Sehemu tatu zilizobaki hugeuka joto. Joto hilo halina budi kutoka, na njia yake kubwa ni jasho: maji hutoka katika ngozi, hukauka, na yakikauka huchukua joto pamoja nayo. Mtu afanyaye kazi nzito aweza kutoa nusu lita ya jasho kwa saa moja, au lita nzima, na katika jua kali hata zaidi ya hapo.

Maji hayo yatoka wapi? Yatoka mwilini mwote, na damu nayo hupungua. Mtu wa kilo 60 akiisha kupoteza kilo moja na robo ya maji, moyo wake hupiga mbio ili damu iliyobaki itoshe, miguu huwa mizito, na kilima alichokipanda jana bila shida leo chamshinda. Yeye husema, “Nimezeeka.” Kumbe amekauka.

Tena nchi yetu ina hila yake. Tuko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi, na hewa ni kavu. Jasho hukauka mara litokapo, na mtu hudhani kwamba hatoi jasho hata kidogo. Lakini tazama shati lake jioni: ile mistari myeupe mgongoni ni chumvi iliyobaki baada ya maji kwenda zake. Halafu huja mwezi wa tisa na wa kumi, mvua bado, jua kali, na vumbi la malori ya shaba na kobalti juu ya hayo yote. Wakati huo ndipo hatari ilipo kubwa.

MAJI: KIASI GANI, NA LINI?

Anza nyumbani. Kunywa vikombe viwili vya maji au chai kabla ya kuondoka. Njiani, usingoje mpaka ulimi ushikane na kaakaa. Haba na haba hujaza kibaba: meza mafunda machache kila robo saa, au kila ufikapo juu ya kilima. Kwa mtu mwenye mzigo, nusu lita kwa saa ni kipimo chema cha kuanzia. Jua likiwa kali, au mtu akiwa mwenye mwili mkubwa, aongeze.

Kuna alama isiyogharimu kitu. Utazame mkojo wako. Ukiwa na rangi nyepesi kama ya majani makavu, maji yatosha. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, tena mchache, umechelewa. Pumzika kivulini unywe.

Wako wengine waangukao upande wa pili. Hao, wakisikia kwamba maji ni mema, hunywa lita baada ya lita ya maji matupu bila kiu na bila chakula. Hii nayo yadhuru. Maji mengi mno huipunguzia damu chumvi yake. Kichwa huuma, mtu hutapika, akili huchanganyikiwa, na wengine wamekufa kwa hayo. Basi kunywa unaposikia kiu, kunywa kidogo kidogo, na usijilazimishe maji kama dawa.

SUKARI NA CHUMVI

Kina mama wanaijua dawa ya kuhara ya watoto, ile ya maji yenye sukari na chumvi. Nguvu yake ilionekana wazi mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh. Daktari Dilip Mahalanabis alikuwa katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, mpakani mwa India, na kipindupindu kilikuwa kikiua watu wengi. Maji ya kutiwa mshipani yalipokaribia kwisha, aliagiza wagonjwa wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi. Kabla ya hapo walikuwa wakifa kama 30 katika kila 100. Kwa dawa hiyo hawakufika hata wanne.

Siri yake ni hii: ndani ya utumbo kuna kama milango midogo ambayo sukari na chumvi hupita pamoja, na zikipita, maji huzifuata. Kwa hiyo maji yenye sukari kidogo na chumvi kidogo huingia mwilini vizuri, na hukaa, kuliko maji matupu.

Utumbo wa mwendesha baiskeli ni utumbo ule ule. Kwa safari ndefu ya jasho jingi, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu. Usizidishe chumvi. Onja: yasiwe na chumvi kupita machozi. Chupa moja ya namna hii kati ya chupa zako yatosha, nyingine ziwe za maji tu. Mwenye ugonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu amwulize mganga kwanza.

Tena tusidharau kilicho chetu. Munkoyo wa wazee wetu ni kinywaji kizuri kabisa cha safari. Watu huchemsha uji wa mahindi, huungoja upoe kidogo, kisha hutia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi hiyo ina kitu kinachovunja wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Ndiyo sababu uji mzito huwa mwepesi na mtamu bila kijiko cha sukari. Mtu akiunywa hupata maji na chakula kwa mara moja. Tia chembe ya chumvi, basi. Lakini uwe munkoyo wa siku ile. Ule uliokaa siku nyingi huchachuka na kuwa kileo. Tena mizizi ioshwe kwa maji safi, na asiongeze mtu maji ya mtoni katika munkoyo uliokwisha kupoa.

CHAKULA CHA MIGUU

Mwaka 1966 waganga wawili wa Uswidi, Jonas Bergström na Eric Hultman, walifanya jambo la kuchekesha ambalo lilifundisha dunia. Walikaa upande huu na upande huu wa baiskeli moja isiyokwenda, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja tu, mguu wa pili ukipumzika. Walikanyaga mpaka wakashindwa kabisa. Ndipo kwa sindano wakatoa kipande kidogo cha nyama katika kila paja, wakapima akiba ya sukari iliyomo, ambayo wataalamu huiita glikojeni. Katika mguu uliofanya kazi, akiba ilikuwa karibu kwisha. Katika mguu uliopumzika, ilikuwamo vile vile.

Twajifunza nini? Kwamba mguu hutumia akiba yake wenyewe, na jirani hawezi kuukopesha. Mikono yako yaweza kuwa na nguvu tele, na miguu imekwisha. Waganga wale walikula vyakula vya wanga siku tatu, na mguu uliochoka ukajaa tena, ukaweka akiba mara mbili ya ile ya mguu uliopumzika. Kwa hiyo bukari ya jioni, baada ya kazi, si kushibisha tumbo tu. Ni kujaza ghala ya kesho.

Ghala hiyo si kubwa. Mwili mzima waweka karibu gramu 400 au 500 za sukari hii katika nyama na katika ini. Mtu akienda kwa nguvu sana, saa moja na nusu au mbili zatosha kuimaliza. Akienda polepole, yadumu zaidi. Ikiisha, mafuta ya mwili hubaki, lakini mafuta huwaka polepole, hayawezi kupandisha mzigo kilimani. Ndiyo ile hali ya ghafula: mikono yatetemeka, jasho la baridi, macho yaona giza, na mtu mpole hukasirika bila sababu.

Dawa yake ni kula kabla haijafika. Usiku wa kuamkia safari, kula bukari ya kutosha na mboga. Alfajiri, uji au viazi vitamu na chai yenye sukari. Njiani, baada ya saa ya kwanza, kula kidogo kila saa. Ndizi moja kubwa, au kiazi kitamu cha kuchemsha kinachojaa mkono, humpa mtu gramu 25 hadi 30 za wanga, na hiyo yatosha kuanzia. Muwa ni mzuri, kwa maana wampa mtu sukari na maji pamoja. Kalanga ni chakula bora sana, ila mafuta yake hukawia tumboni. Kula chache njiani pamoja na kiazi, nyingi jioni. Na aliyekwisha kutetemeka asipewe kalanga wala nyama, bali sukari, chai tamu au muwa, akae kivulini robo saa kabla ya kuushika mzigo tena.

MAJI YATEKWE WAPI?

Hapa kwetu neno hili lataka uangalifu kuliko mahali pengi. Kipindupindu na homa ya matumbo huletwa na maji machafu. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yafanye mapovu makubwa kwa dakika moja nzima, yapoe, yatiwe katika bidoni lililooshwa. Asiye na kuni aweza kutumia jua: maji yasiyo na tope yatiwe katika chupa safi ya plastiki inayopitisha nuru, isiyozidi lita mbili, ilazwe juani saa sita kamili, mawingu yakiwa mengi, siku mbili.

Lakini sikilizeni vizuri. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi madini. Kijito kipitacho chini ya mgodi, au mahali pa kuoshea mawe ya shaba na kobalti, chaweza kuwa na sumu ambayo moto hauiondoi hata ukichemsha mchana kutwa, na maji hayo yaweza kuonekana meupe na mazuri. Basi msiteke njiani katika mito ya namna hiyo, hata kiu ikizidi. Ondokeni na maji ya nyumbani, na mjue tangu mwanzo ni kijiji gani chenye kisima au bomba la kuaminika.

MAMBO YA KUEPUKA

Wako wanaosema kwamba kikombe cha lutuku chatia nguvu miguuni, na wako wauzao vidonge vya kuondoa uchovu. Vitu hivyo haviondoi uchovu. Vyaziba masikio ya mtu asiusikie. Mwaka 1967, tarehe 13 Julai, Mwingereza Tom Simpson, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1965, alianguka katika mashindano ya kuzunguka Ufaransa, kwenye mlima uitwao Mont Ventoux, siku ya joto kali, akafa. Katika damu yake waganga waliona kidonge cha kuamsha nguvu na kileo. Mwili wake ulikuwa ukimwambia asimame, naye hakuweza kuusikia. Ikiwa bingwa wa dunia, asiye na gunia hata moja nyuma yake, alishindwa hivyo, sisi tutatumaini nini?

Na wale waendao Misa kwa baiskeli kutoka vijiji vya mbali, wengine bado hufunga tangu usiku wa manane kama walivyofundishwa babu zao. Sheria hiyo imebadilishwa zamani. Tangu mwaka 1964 mfungo kabla ya Komunyo ni wa saa moja, na maji hayauvunji kamwe. Wazee na wagonjwa wamesamehewa hata saa hiyo. Basi asiondoke mtu nyumbani kwa kilomita 20 bila kula, akidhani ameamriwa.

DALILI ZA HATARI

Ukimwona mwenzako ayumbayumba, asema maneno yasiyo na maana, na mwili wake ni wa moto sana, usimwambie, “Jikaze, tumekaribia.” Mlaze kivulini, mpunguzie nguo, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, huku mwingine atafuta njia ya kumpeleka hospitali upesi. Akiwa hana fahamu, usimtie maji kinywani, yatamwingia mapafuni. Makala yabaki njiani. Makala mengine yatapatikana.

HESABU YA WANAFUNZI

Wanafunzi, chukueni kalamu. Baba atoka mwituni na mzigo, mwendo wa kilomita 40. Kwa mzigo ule aenda kilomita 8 kwa saa. Atakuwa njiani saa ngapi? Saa 5. Kwa nusu lita kila saa, ataka maji kiasi gani? Lita mbili na nusu, yaani kilo mbili na nusu. Kwa kiazi kimoja kila saa baada ya saa ya kwanza, ataka viazi vinne. Maji na chakula pamoja ni kama kilo tatu, nazo hupungua kila saa. Sasa linganisheni kilo hizo tatu na uzito wa magunia yake. Mkisha kufanya hesabu, mwonyesheni baba jioni.

Hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha. Mwenye baiskeli akipanga bei ya makala, huhesabu gunia, kamba, tairi lililochakaa, na pengine malipo ya kizuizi cha njiani. Miguu yake haihesabu, kana kwamba aliipata bure na nyingine zauzwa sokoni. Chakula cha njiani na maji ya njiani ni sehemu ya mzigo. Vihesabiwe katika bei, vifungwe kwenye baiskeli kabla ya gunia la kwanza. Gunia likipungua kidogo ili bidoni la maji lipate nafasi, hasara hiyo ni ya siku moja. Baba akianguka njiani, hasara ni ya nyumba nzima, na watoto ndio watakaoilipa miaka mingi.

Kina mama, jioni hii, kabla baba hajalala, wekeni viazi chunguni na maji motoni. Nanyi mnunuao makala mjini, mtu akifika mlangoni na mzigo wake, mpeni kwanza kikombe cha maji safi, ndipo mpatane bei.

Kwa herini mpaka juma lijalo.